Nyota ambayo hewa ya Kipini iliificha

Wengi wakitaja Kipini hutaja kaburi linalosemekana kuwa la Fumo Liyongo, au magofu ya Ungwana yaliyofukuliwa na James Kirkman katika miaka ya 1950, au mto Tana unaomwaga hapo maji yake mazito ya udongo. Wana haki. Lakini mji huu una dai jingine katika historia, na dai lenyewe halionekani kwenye kuta wala vigae. Kipini iko digrii 2 na dakika 31 kusini mwa ikweta. Mabaharia waliounganisha ghuba iliyo mbele ya mji huu na Uarabuni na Gujarat walikutana katika latitudo hii na fumbo la nuru, na namna walivyolikwepa inastahili kuandikwa katika historia ya elimu ya nuru, si katika historia ya biashara peke yake.

Nahodha aliyetaka kujua amefika umbali gani kaskazini au kusini alipima kimo cha nyota ya kaskazini, ile ambayo Waarabu waliiita Jah, kutoka upeo wa bahari. Kifaa chake kilikuwa kibao kidogo cha mbao chenye uzi uliotoka katikati. Aliushika uzi kwa meno, akakisogeza kibao mpaka ukingo wa chini ukakaa kwenye upeo na ukingo wa juu ukaigusa nyota. Kipimo kilihesabiwa kwa isba, yaani kidole. Duara zima la anga lilikuwa isba 224, hivyo isba moja ni kama digrii moja na dakika 36. João de Barros, mwanahistoria Mreno wa karne ya 16, anasimulia kwamba Vasco da Gama alipomwonyesha rubani mmoja wa Kigujarati pale Malindi mwaka 1498 kifaa chake cha kupimia jua, rubani hakushangaa, kwa kuwa watu wake walikuwa na chao cha vibao vitatu. (Imerudiwa mara nyingi kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid. Barros mwenyewe anamwita Mgujarati, na Ibn Majid alikuwa mtu wa Julfar katika Ghuba ya Uajemi. Dai hilo liachwe.) Ibn Majid tunamhitaji kwa sababu nyingine. Kitab al-Fawa'id, kitabu cha elimu ya bahari alichokiandika karibu na mwaka 1490, na utenzi wake wa njia ya Sofala vinatuonyesha jinsi elimu hii ilivyopangwa na kufundishwa.

Kibao kile kinategemea jambo moja tu, kwamba nuru husafiri kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye nyota hadi jichoni. Juu angani ni kweli tupu. Karibu na upeo si kweli. Nuru inapoingia kwenye hewa hukutana na matabaka yanayozidi kuwa mazito kadiri inavyoshuka, na kila tabaka huipinda kidogo kuelekea ardhini. Jicho halijui kwamba nuru imepinda. Huiweka nyota pale mstari wa mwisho unapoelekea, yaani juu kuliko ilipo. Nyota iliyo digrii 45 hupandishwa kwa dakika moja tu ya digrii. Iliyo kwenye upeo hupandishwa kwa dakika 34 hivi, zaidi ya upana mzima wa jua. Ndiyo maana jua la magharibi linapoonekana Kipini likigusa upeo, kwa hesabu limekwisha kuzama lote, na tunaongezewa dakika mbili na zaidi za mchana ambazo ni zawadi ya hewa. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo, aliuchambua mpindo huu wa nuru ya nyota katika Kitab al-Manazir, mwanzoni mwa karne ya 11. Ptolemaio alikuwa ameugusia kabla yake.

Sasa tuirudishe Jah juu ya ghuba. Leo nyota hiyo iko chini ya digrii moja kutoka ncha ya kaskazini ya anga, kwa hiyo mtu wa Kipini hawezi kuiona kamwe. Lakini mhimili wa dunia huyumba polepole, na mwaka 1500 nyota hiyo ilikuwa mbali na ncha kwa digrii 3 na dakika 25 hivi, ikiizunguka mara moja kila siku. Ilipofika kilele cha mzunguko wake ilipanda juu ya upeo wa Kipini kwa karibu digrii moja. Mpindo wa nuru uliongeza zaidi ya dakika 20. Katika nusu ya pili ya mwaka, wakati kilele hicho kilipoangukia usiku, Jah ilikuwa juu ya upeo kwa saa kadhaa.

Hapo ndipo msomaji makini atasema: basi nyota ilionekana, na hakuna fumbo. Wengine watasema kinyume, kwamba nyota hupotea kusini kwa sababu dunia ni mviringo, na nuru haina habari. Wote wameacha nusu ya jambo. Nuru inayoshuka wima kupitia hewa safi hupoteza kama sehemu moja ya tano, kwa kuwa chembe za hewa, vumbi na unyevu huitawanya. Nuru inayokuja kwa kulala, digrii moja tu juu ya upeo, hupita kwenye hewa iliyo zaidi ya mara 20 ya ile. Ukipunguza moja ya tano mara 20 mfululizo, kinachobaki ni karibu moja katika mia. Nyota ya mwanga wa wastani kama Jah, ikipoteza kiasi hicho, hushuka chini ya uwezo wa jicho tupu. Umbo la dunia lilisema nyota ipo, mpindo wa nuru ukakubali na hata kuipandisha, lakini mtawanyiko ukaizima. Tena upande wa kaskazini wa Kipini ni nchi kavu, na miti ya Witu hupandisha upeo juu kuliko bahari inavyoufanya.

Ushahidi wa safari ya Gama unanukuliwa sana hapa, nami nauona dhaifu kuliko unavyochukuliwa. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, na shajara ya mmoja wa watu wake inasema kwamba Jumapili iliyofuata waliiona tena nyota ya kaskazini baada ya kuikosa kwa muda mrefu. Inaelekea kuthibitisha kwamba nyota ilifichika kwenye pwani yetu. Lakini mwezi huo kilele cha Jah kilikuwa mchana, na usiku ilikuwa chini ya ncha; wangeikosa Malindi hata kama hewa ingekuwa kioo. Hoja yangu haihitaji shajara hiyo. Inahitaji kile ambacho mabaharia walikifanya mwaka mzima, mwaka baada ya mwaka.

Nao walifanya hivi: Jah iliposhuka mno, waliiacha. Waligeukia al-Farqadan, nyota mbili zinazoizunguka ncha kwa mbali zaidi, kisha Na'sh, zile za Dubu Mkubwa, na upande wa kusini Suhail, kila moja kwa majira yake. Hesabu ya anga la mwaka 1500 inaonyesha faida yake. Juu ya Kipini, Farqadan zilipanda digrii 11 na 14 hivi. Kwa kimo hicho nuru hupindwa kwa dakika tano au chini ya hapo, na theluthi yake au zaidi hufika jichoni. Suhail ilipanda digrii 40, ambako hewa haina madhara ya kusumbua.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba watu hawa hawakuwa na nadharia. Hakuna aliyesimama kwenye sitaha akihesabu matabaka ya hewa. Waliiacha nyota kwa sababu hawakuiona, basi. Nakubali nusu ya kwanza. Nusu ya pili haitoshi. Kungoja nyota ipotee kabisa na kujua mapema nyota ipi itashika nafasi yake, kwa kimo gani na kwa latitudo ipi, ni mambo mawili tofauti. La pili ni elimu iliyokusanywa na kukaririwa kwa beti ili isisahaulike. Ibn al-Haytham mwenyewe aliijenga elimu yake juu ya kuchunguza na kupima. Wapimaji wa baharini walipima kitu kilekile, nuru inayopita hewani, wakapata jibu linalofaa bila kuandika sababu.

Walijua pia mwisho wa kipimo chao. Kutoka Kipini hadi Malindi, latitudo inatofautiana kwa dakika 42 tu, chini ya nusu isba, na mpindo wa nuru kwenye upeo peke yake ni dakika 34. Kwa nyota iliyolala chini, kibao kingeweza kumpeleka mtu upande usio wake wa ghuba. Kwa hiyo karibu na nchi waliiacha anga na kutazama maji, rangi yake, tope linaloletwa na bildi (chubwi ya kupimia kina), ndege, dalili ambazo Ibn Majid anazipa nafasi kubwa. Hapa Tana ilisaidia. Chembe za udongo wake hutawanya nuru mpaka bahari ikawa ya kahawia kabla mdomo wa mto haujaonekana.

Kwa watu wa nchi kavu hasara ilikuwa ya namna nyingine. Makka iko karibu kabisa kaskazini mwa Kipini. Kibla hapa hakikosi kaskazini halisi kwa hata digrii mbili. Jah ingekuwa kiongozi bora wa kupanga mihrabu kuliko nyota yoyote, nayo ndiyo iliyozimwa.

Ghuba hii ilirudi katika historia ya nuru tarehe 12 Desemba 1970, pale setilaiti Uhuru iliporushwa kutoka jukwaa la San Marco nje ya Ngomeni, kusini mwa Kipini. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani. Eksirei ni nuru ya namna ambayo hewa haiipunguzi sehemu tu; huizuia yote. Hapakuwa na nyota nyingine ya kugeukia iliyo juu zaidi, kwa hiyo kifaa chenyewe kikapelekwa nje ya hewa.