Kaya, Msitu na Mbuga: Maneno ya Hifadhi katika Milima ya Kwale

Kusudi la makala hii ni kuitazama historia ya hifadhi katika milima ya Kwale kwa njia ya maneno yaliyotumiwa kuitaja. Mwanahistoria huanza na tarehe za matangazo ya serikali. Mwanaisimu aweza kuanza na majina, kwani jina hubeba fikira za aliyelitoa kuhusu mahali, mipaka yake na mwenyewe. Kwale, kusini mwa Mombasa, ni kaunti ya mashamba na vilima, na kwa kazi yetu maneno matatu yatatosha: kaya, msitu na mbuga.

Neno kaya ndilo kongwe kati ya hayo. Katika lugha za Wamijikenda lina maana ya nyumbani, na katika Kiswahili cha leo twalikuta katika sensa, ambamo watu huhesabiwa kwa kaya. Mapokeo ya Wamijikenda yasema kwamba walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakajenga miji yao katika vilima nyuma ya pwani. Wataalamu wangali wakibishana juu ya safari hiyo. Lakini umbo la makaya lajulikana vyema. Kila mji ulizungukwa na msitu mnene uliokuwa boma lake, njia za kuingilia zilikuwa chache, na ndani yake ilizikwa fingo ya kuulinda. Baadaye wakazi walitawanyika kwenda kulima, hata kufikia miaka ya 1940 makaya yalikuwa hayakaliwi tena.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Kwa Kiswahili mji uliohamwa huitwa mahame. Walakini jina lililodumu katika vilima hivi ni kaya. Watu walihama, jina likabaki. Mahali palipobakia miti na makaburi paliendelea kuitwa nyumbani, na wazee wa kaya wakaendelea kukataza ukataji wa miti na ulishaji wa mifugo. Msitu ulilindwa kwa sababu wenyewe, yaani wazee waliotangulia, walihesabiwa kuwa wangalimo.

Neno msitu nalo ni la kale, lakini serikali ya kikoloni ndiyo iliyolipa maana ya kisheria. Mwaka 1903 Milima ya Shimba ilitangazwa kuwa msitu wa serikali, na mwaka 1924 sehemu za nyasi zikaongezwa. Msitu wa namna hii ulikuwa ni mali: mbao zake zilikuwa na thamani, na chemchemi za Marere zilipeleka maji hadi Mombasa. Mwenyewe alikuwa serikali, na aliyeingia kukata kuni bila idhini alihesabiwa kuwa mkosaji.

Mwaka 1968 sehemu kubwa ya msitu huo, kiasi cha kilomita za mraba 190, ilitangazwa tena, mara hii kwa ajili ya wanyama. Ndipo ardhi moja ikawa chini ya sheria mbili, ya misitu na ya wanyamapori. Katika mazungumzo ya watu mahali hapo pakawa mbuga. Mbuga kwa asili ni uwanda wa nyasi usio na miti mingi, na maana yake ilipanuka kwa kuwa wanyama wa kutazamwa walipatikana zaidi katika nyanda hizo. Kweli Shimba ina nyasi zake, na humo yumo palahala, ambaye katika Kenya nzima hapatikani porini penginepo. Hata hivyo, kuuita mbuga mlima wenye msitu ni kueleza kile kinachotafutwa na mgeni. Neno hilo halisemi lolote kuhusu maji, miti, wala wakulima wa Kidigo na Kiduruma waishio mpakani.

Wakulima hao ndio waliobeba uzito wa ukimya huo, maana tembo hawakuijua mipaka iliyoandikwa. Mwaka 1995 ilifunguliwa hifadhi ya tembo ya Mwaluganje, ambamo wenye mashamba walitoa ardhi yao ili wapate sehemu ya mapato ya wageni. Mwaka 2005 tembo wapatao 150 walihamishwa kutoka Shimba hadi Tsavo Mashariki.

Wakati huohuo makaya mengi yalibaki nje ya mbuga na nje ya msitu wa serikali. Thamani ya viwanja vya pwani ilipopanda kwa sababu ya utalii, amri ya mzee haikuweza kushindana na hati ya ardhi. Mwaka 1992 baadhi ya makaya, likiwemo Kaya Kinondo, yalitangazwa kuwa kumbukumbu za taifa chini ya sheria ya mambo ya kale. Huenda mtu akashangaa kuona miti mibichi ikiwekwa pamoja na magofu. Lakini sheria hiyo ilikaribia zaidi maana ya kaya, kwa kuwa ilikubali kwamba mahali hapo pana kazi ya binadamu na kumbukumbu yake. Mwaka 2008 Kaya Kinondo na makaya ya Waduruma yakawa miongoni mwa yale yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Kiswahili chasema kuhifadhi msitu, na chasema pia kuhifadhi Kurani, yaani kuiweka moyoni. Mbuga imehifadhiwa kwa maana ya kwanza; kaya ilihifadhiwa kwa zote mbili. Basi wajibu wa idara zetu ni bayana: kukusanya, katika Chidigo na Chiduruma, majina ya miti, ya sehemu za msitu na ya makatazo yake, wangali wapo wazee wanaoyajua. Ua wa waya ukianguka hujengwa upya, bali katazo lililopoteza jina lake halina njia ya kurithiwa.