Sadaka ya Asubuhi: Kaya za Sri Lanka na Uhai wa Mafundisho ya Budha

Mafundisho ya Budha yalifika kisiwa cha Sri Lanka katika karne ya 3 KK, yakiletwa, kwa mujibu wa kumbukumbu za kale za kisiwa hicho, na mtawa Mahinda aliyetumwa kutoka India zama za Mfalme Ashoka. Wakati huo hapakuwa na kitabu cha kubeba, kwa kuwa mafundisho yote yalihifadhiwa kwa kukaririwa. Kilichotua kisiwani ni kundi dogo la watu waliokwisha kuacha mali zao na ambao, kwa sharti la utawa wenyewe, walipaswa kulishwa na wengine kila siku. Wanahistoria wamezoea kuieleza dini hii kwa kufuata wafalme, mabaraza na maandiko, na masimulizi hayo yana nafasi yake. Lakini anayetaka kufahamu kwa nini imedumu kisiwani kwa zaidi ya miaka 2,000 hana budi kuanza na mlo huo wa kila siku, pamoja na mikono ya wale walioutoa.

Kiini cha mafundisho ni kwamba maisha yamefungamana na dukha, yaani mateso na hali ya kutoridhika isiyokoma. Kwamba chanzo chake ni tamaa ya kung'ang'ania vitu, watu na nafsi. Kwamba tamaa hiyo inaweza kukomeshwa. Na kwamba ipo njia ya kuikomesha, yenye sehemu nane zinazogusa mtazamo, usemi, matendo, riziki na utulivu wa akili. Mtawa aliifuata njia hiyo chini ya sheria 227 za Vinaya, yaani nidhamu ya utawa, na baadhi ya sheria hizo zilimnyima kwa makusudi uwezo wa kujitegemea: hakuruhusiwa kula baada ya adhuhuri, kuweka akiba ya chakula, kuchimba udongo wala kupokea fedha. Kwa hiyo mtawa aliyejitenga na jamii asingeweza kupitisha siku mbili bila jamii hiyohiyo. Kwa upande wake, mwenye kaya aliyempa wali alikuwa akifanya zoezi lake mwenyewe la kuilegeza tamaa, zoezi linaloitwa dana, yaani utoaji, ambalo huhesabiwa kuwa hatua ya kwanza kabla hata ya kutafakari.

Ni kosa, basi, kudhani kwamba walei waliachiwa makombo ya mafundisho. Mbali na kanuni tano za kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutolewa, yamo katika maandiko ya lugha ya Kipali mawaidha marefu ambayo Budha alimpa kijana Sigala, aliyekuwa akiziabudu pande sita za dunia kama alivyousiwa na baba yake. Budha hakumkataza, ila alizipa pande hizo maana mpya: mashariki ni wazazi, kusini ni walimu, magharibi ni mke, kaskazini ni marafiki, chini ni watumishi na juu ni watawa. Kila upande una wajibu unaokwenda na kurudi. Mume, kwa mfano, anatakiwa kumheshimu mkewe na kuwa mwaminifu kwake, na bwana anatakiwa kumpangia mtumishi kazi kulingana na nguvu zake, kumlipa, kumuuguza na kumpa muda wa kupumzika. Ni nadra kwa mafundisho ya kale kuingia jikoni na kazini kwa uwazi wa namna hii.

Ushahidi wa kwamba watu wa kawaida walishiriki tangu mwanzo umechongwa kwenye mawe. Juu ya milango ya mapango waliyokaa watawa wa kwanza kuna maandishi mafupi ya hati ya Brahmi, mengi yakiwa ya karne za mwisho KK, yanayotaja jina la aliyetoa pango na kulikabidhi kwa Sangha, yaani jumuiya ya watawa, wa pande nne, waliopo na watakaokuja. Miongoni mwa watoaji wamo machifu, lakini pia wafanyabiashara, mafundi na wanawake. Baadaye utoaji ulikua hadi kufikia kiwango cha dola: msafiri wa Kichina Faxian, aliyekaa kisiwani miaka 2 mwanzoni mwa karne ya 5, aliandika kwamba mfalme aliwalisha watawa elfu tano hadi sita mjini Anuradhapura, na hori kubwa la mawe lililotumika kwa wali linaonekana huko hadi leo. Katika makao ya watawa ya Mihintale, mawe mawili yenye maandishi ya Mfalme Mahinda IV, wa karne ya 10, yanaeleza jinsi watawa walivyopaswa kuamka alfajiri, kutafakari, kusafisha meno na kuteremka ukumbini kula uji na wali, na yanaorodhesha pia posho za wafanyakazi na utaratibu wa kukagua hesabu. Hapa ukweli mchungu haufichiki: jumuiya iliyoanza kwa kukataa mali ilikuwa sasa na mashamba na makarani wake.

Nguvu ya kaya ilidhihirika zaidi watawa walipodhoofika. Kufikia katikati ya karne ya 18 hawakupatikana kisiwani hata watawa watano wenye daraja kamili, idadi ya chini inayotakiwa ili kumpa daraja mwingine. Waliobaki mahekaluni waliitwa ganinnanse, na wengi wao walikuwa na familia. Hata hivyo watu waliendelea kupeleka maua na chakula na kushika kanuni siku za mwezi mpevu. Daraja lilirejeshwa mwaka 1753, pale Mfalme Kirti Sri Rajasinha wa Kandy alipowaleta watawa kutoka Siam, wakiongozwa na Upali, kwa msaada wa meli za Waholanzi.

Haukupita muda mrefu kabla daraja hilo jipya halijafungiwa watu wa tabaka la Goyigama peke yao, jambo ambalo ni vigumu kulipatanisha na Budha aliyepokea watu wa matabaka yote. Jibu lilitoka pwani, ambako matajiri wa tabaka la Salagama, lililoshughulika na mdalasini, waligharimia safari ya watawa kwenda Burma kutafuta daraja, na mwaka 1803 waliporudi likaanzishwa tawi la Amarapura. Nguvu hiyohiyo ya walei ilionekana hata ng'ambo: Wasinhala wa Sri Lanka waliohamia Dar es Salaam mapema katika karne ya 20 walijijengea hekalu lao, ambalo lingalipo Upanga.

Katika vijiji vya leo familia hugawana siku za kupeleka chakula hekaluni, na msiba unapotokea watawa hualikwa siku ya saba, kisha baada ya miezi mitatu na baada ya mwaka. Jamaa wa marehemu humimina maji kutoka kwenye birika hadi kikombe kifurike, huku thawabu ya sadaka hiyo ikielekezwa kwa aliyefariki. Siku ya Vesak, inayoadhimisha kuzaliwa, kuamka na kufariki kwa Budha, vibanda viitwavyo dansala hujengwa kando ya barabara ili kila mpita njia ale bure, wa dini yoyote.

Jambo ambalo bado halijaamuliwa ni la wanawake. Daraja la watawa wa kike lilitoweka kisiwani yapata karne ya 11, likarejeshwa kwa sherehe ya mwaka 1998 huko Dambulla, na viongozi wakuu wa matawi ya watawa wa kiume hawajalitambua rasmi. Vijijini, hata hivyo, familia nyingi zimekwisha kuwaandika watawa hao wa kike katika zamu zao za sadaka na kuwaita kwenye misiba.