Madaktari wa Nairobi na ugomvi wa maziwa ya mama

Mei 2025, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza kwamba vyuo vya nchi hiyo vinavyopewa fedha za utafiti haviwezi tena kuwagawia washirika wao wa ng'ambo, hadi utaratibu mpya upatikane. Mwezi huohuo, mapendekezo ya bajeti ya Rais Donald Trump yakataka Kituo cha Kimataifa cha Fogarty, kilicho ndani ya taasisi hizo, kifutwe. Alikwisha kutaka hivyo mwaka 2017, na Bunge la nchi yake likakataa.

Wakenya wengi hawajawahi kulisikia jina Fogarty. Lakini muulize daktari wa Nairobi aliyejifunza utafiti wa afya ya uzazi miaka ya tisini ni nani aliyemlipia karo, na huenda akalitaja kabla ya kuitaja serikali yake mwenyewe.

Chuo cha udaktari cha Nairobi kilifunguliwa mwaka 1967. Kabla ya hapo, na kwa miaka kadhaa baadaye, daktari aliyetaka ubingwa alifunga mizigo kwenda Uingereza. Mwaka 1972 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianzisha HRP, programu maalumu ya utafiti na mafunzo kuhusu uzazi wa binadamu. Huko Stockholm, Profesa Egon Diczfalusy wa Taasisi ya Karolinska akawa mlezi wa wanasayansi vijana waliotoka mabara mbalimbali. HRP ilielewa jambo moja ambalo wafadhili wengi walilipuuza: msomi akirudi nyumbani akakuta maabara tupu, elimu yake huoza. Ndiyo maana ilitoa pia ruzuku kwa waliorejea makwao.

Nairobi ilipata mlango wake kupitia ugonjwa. Mwishoni mwa miaka ya sabini, vidonda vya sehemu za siri vilikuwa vimeenea jijini, na Profesa Herbert Nsanze wa idara ya mikrobiolojia akashirikiana na Allan Ronald wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada. Kazi ikaanza 1980. Akaja Mkanada kijana, Frank Plummer, na baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko Seattle. Waliokuwa wakifuata vidonda walijikuta uso kwa uso na Ukimwi: katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, karibu theluthi mbili ya wanawake maskini waliokuwa wakiuza miili Nairobi walikutwa na virusi.

Mwaka 1988 Fogarty ikaanza kulipia mafunzo ya utafiti wa Ukimwi kwa madaktari wa nchi zinazoendelea, na Chuo Kikuu cha Washington kikawa miongoni mwa vyuo vilivyopewa kazi hiyo. Daktari wa Nairobi alikwenda Seattle kusoma epidemiolojia na takwimu kwa shahada ya uzamili, lakini wagonjwa na maswali yake vilibaki Kenya. Mmoja wa waliopita njia hiyo ni Ruth Nduati, daktari wa watoto.

Swali alilokuja kulibeba lilikuwa zito. Ilikwisha kujulikana kwamba virusi hupita katika maziwa ya mama. Mwaka 1992, WHO na UNICEF zilishauri kwamba mahali ambapo kuhara na utapiamlo huua watoto wengi, mama anyonyeshe hata kama ana virusi. Ushauri ulikuwa na busara yake, ila hakuna aliyekuwa amepima kwa jaribio hasara ya upande mmoja dhidi ya ule mwingine.

Novemba 1992, Nduati na wenzake, wakiwemo Dorothy Mbori-Ngacha na Wamarekani Grace John na Joan Kreiss, walianza kupima. Wajawazito 425 wenye virusi, kutoka kliniki nne za Nairobi, waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi wanyonyeshe, wengine watumie maziwa ya kopo. Sharti mojawapo lilikuwa kupata maji ya bomba. Haikuwa rahisi kwa akina mama. Mtaani, mtoto akilia na mama asitoe ziwa, mama mkwe anauliza, jirani anauliza. Asilimia 30 hivi ya waliopangiwa kopo hawakushika mpango.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2000. Kufikia umri wa miaka miwili, watoto walioambukizwa walikuwa asilimia 36.7 upande wa kunyonya na 20.5 upande wa kopo. Vifo vya watoto havikutofautiana sana.

Mwaka uliofuata ukazuka ugomvi wenyewe. Katika jarida la The Lancet, timu hiyohiyo iliripoti kwamba katika miaka miwili walikufa akina mama 18 waliopangiwa kunyonyesha, dhidi ya sita wa upande wa kopo. Walihisi kwamba kunyonyesha kunaukamua mwili ambao tayari unaliwa na virusi. WHO ikatoa tamko haraka: matokeo hayo hayatoshi kubadili sera. Kutoka Durban, Afrika Kusini, Anna Coutsoudis na wenzake wakasema takwimu zao hazikuonyesha hatari hiyo. Udhaifu wa hoja ya Durban ulikuwa kwamba akina mama wao walijichagulia namna ya kulisha, hawakupangiwa kwa bahati nasibu kama wale wa Nairobi.

Mwaka 2005, uchambuzi uliounganisha majaribio kadhaa, wenye akina mama zaidi ya 4,000, haukuona kwamba kunyonyesha huongeza vifo vya akina mama. Hoja ya Nairobi haikusimama. Baadaye dawa za kufubaza virusi (ARV) zilibadili hesabu yote, na leo mama anayezitumia hunyonyesha.

Hata hivyo, ugomvi ule unastahili kukumbukwa kwa fahari. Nairobi na Durban zilibishana kwa takwimu zilizotoka katika kliniki zao zenyewe, na WHO huko Geneva ikalazimika kujibu. Miaka ishirini kabla ya hapo, Mwafrika katika mabishano ya aina hiyo kwa kawaida alikuwa mgonjwa au mbeba sampuli. Mafunzo ndiyo yaliyomhamisha kiti.

Wengine wakafuata. James Kiarie alipitia Seattle, akafundisha Nairobi, kisha akaenda WHO kuongoza kazi ndani ya HRP. Nelly Mugo, daktari wa uzazi aliyepitia njia hiyohiyo, ni miongoni mwa walioongoza utafiti wa KEN SHE wa wasichana 2,275 wa Kenya, ambao mwaka 2022 ulionyesha kwamba dozi moja ya chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi, hukinga vyema. Mwaka huohuo jopo la wataalamu wa WHO likakubali mpango wa dozi moja.

Nchi iliyozaa utafiti huo ina Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, inayotaka asilimia mbili ya pato la taifa iende kwenye mfuko wa utafiti. Fedha hizo hazijawahi kufika kiwango hicho. Tumewaacha walipakodi wa Marekani watusomeshee madaktari kwa miongo mitatu na zaidi, na sasa tunashtuka mkono huo unapoondolewa. Wabunge waliopitisha sheria hiyo walijua walichokiandika, na Hazina inadaiwa maelezo: kila mwaka wa bajeti, asilimia hizo mbili zinakwenda wapi, na daktari kijana wa Kisumu au Garissa mwenye swali lake la utafiti akabishe hodi mlango gani?