Mwanajiolojia apime nini kabla ya kukubali nafasi ya uzamili ng'ambo

KUANZIA mwishoni mwa Januari hadi katikati ya Aprili kila mwaka, vijana waliohitimu jiolojia, jiofizikia na jiokemia huchungulia barua-pepe zao mara nyingi kuliko wanavyopenda kukiri. Baadhi yao ni waajiriwa wa mitambo ya Olkaria, karibu na Naivasha, au wa visima vya Menengai, ndani ya kaldera iliyo juu ya jiji la Nakuru. Wengine hawajapata ajira ya kudumu na wanaishi kwa wazazi Njoro, Molo au Gilgil, wakifundisha hesabu na jiografia katika shule za upili huku wakingoja majibu ya vyuo vikuu vya ng'ambo.

Jibu zuri likifika, nyumba nzima hushangilia. Lakini kukubaliwa na chuo ni jambo moja, na kulipiwa masomo ni jambo jingine. Wapo wazazi waliouza kipande cha shamba au kuitisha harambee kwa sababu ya barua ambayo, lau ingesomwa kwa utulivu, ingeonekana kwamba haikuahidi lolote zaidi ya kiti darasani.

Uwanja ulio mlangoni

Katika sayansi za ardhi, Nakuru si pembezoni mwa dunia. Mwingereza John Walter Gregory alifika Baringo mwaka 1893, na maandishi yake ndiyo yaliyolieneza jina la Bonde la Ufa miongoni mwa wanasayansi. Hadi leo sehemu ya bonde hilo inayopita Kenya huitwa Ufa wa Gregory. Mnamo Januari 6, 1928, ardhi ilitetemeka Subukia kwa nguvu iliyokadiriwa kuwa 6.9, mtetemeko mkubwa zaidi kuwahi kurekodiwa nchini.

Visima vya kwanza vya uchunguzi vilichimbwa Olkaria katika miaka ya 1950, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kuzalisha umeme. Leo kawi ya mvuke inaipa Kenya takriban asilimia 40 ya umeme wake. Uchimbaji wa Menengai ulianza Februari 2011 chini ya shirika la serikali la GDC, na mwaka 2023 mtambo wa kwanza wa hapo, wa megawati 35, ukaanza kazi.

Tena si mvuke peke yake. Maziwa ya Nakuru, Naivasha na Baringo yalipanda na kufurika, na mwaka 2020 yakawatimua wakazi wengi wa kingo zake. Maji ya visima vingi vya eneo hili yana floridi inayoharibu meno na mifupa. Bwawa lilipasuka Solai Mei 9, 2018 na kuua zaidi ya watu 40. Na Aprili 29, 2024 mafuriko ya ghafla yakafagia vijiji vya Mai Mahiu usiku. Kila moja ya mikasa hiyo ina maswali ambayo mtaalamu wa ardhi angeweza kuyatolea tasnifu.

Hayo yanatajwa kwa sababu moja. Mwombaji kutoka Nakuru haendi kwa profesa wa ng'ambo mikono mitupu. Anaijua ardhi ambayo profesa huyo angelazimika kupanda ndege kuiona, na mara nyingi anawajua watu wanaoshikilia funguo za lango. Hiyo ni mali, ingawa waombaji wengi huandika barua zao kana kwamba wanaomba msaada.

Njia ya Reykjavik

Njia iliyozoeleka zaidi kwa wataalamu wa mvuke haianzi kwa barua ya mwombaji. Mpango wa mafunzo ya jotoardhi wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa ulianzishwa Iceland mwaka 1978, ukapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1979. Tangu 2020 unaendeshwa na kituo kiitwacho GRÓ chini ya mwavuli wa UNESCO. Kenya imepeleka huko wanafunzi wengi kuliko nchi nyingine yoyote.

Mafunzo ya msingi huchukua takriban miezi sita. Mwanafunzi huchagua tawi moja, kwa mfano jiolojia ya visima, kemia ya majimoto, jiofizikia ya utafutaji au uhandisi wa hifadhi za mvuke, kisha huandika ripoti ya utafiti, aghalabu kwa kutumia takwimu za nchini kwake. Anayependekezwa ni mfanyakazi, na anayempendekeza ni mwajiri wake. Wakufunzi huja kuwahoji waliopendekezwa. Nafasi za uzamili na uzamifu za mpango huo hutolewa kwa wale waliokwisha kupita mafunzo ya miezi sita.

Maana yake ni kwamba kijana asiye na kazi katika sekta hiyo hawezi kuituma CV yake Reykjavik na kukaa akingoja. Lakini anaweza kusoma. Ripoti za Wakenya waliomtangulia, nyingi zikihusu Olkaria na Menengai, zimewekwa kwenye intaneti bila malipo. Kabla ya kupendekeza mada ya utafiti kwa chuo chochote, ni busara kuzipitia, maana huenda swali analoliona jipya lilijibiwa miaka 15 iliyopita na mtu anayefanya kazi kilomita chache kutoka kwao.

Ufadhili wa namna hii nao huweza kukatika. Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, kilitoa stashahada ya jotoardhi iliyofunza Waafrika wengi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, lakini serikali ya huko ilipoacha kuigharimia, kozi ilifungwa mwaka 2002. Ilirudi mwaka 2007 ikiwa cheti kifupi zaidi.

Aprili 15

Marekani ina utaratibu wake. Vyuo vikuu vingi vya huko vimetia sahihi makubaliano ya Baraza la Vyuo vya Uzamili kwamba mwombaji aliyepewa nafasi yenye ufadhili hatashurutishwa kujibu kabla ya Aprili 15. Hata aliyekwisha kukubali anaweza kujitoa kwa maandishi hadi tarehe hiyo. Makubaliano hayo yanahusu ahadi ya fedha. Nafasi isiyo na fedha haimo. Wala si kila chuo kimeyatia sahihi, kwa hiyo mwombaji anayesukumwa ajibu Februari aangalie kwanza iwapo chuo hicho kimo katika orodha, kisha aombe muda kwa heshima.

Tarehe hiyo ndiyo inayoeleza kimya cha Machi. Chuo hutuma barua za kwanza kwa wachache, na wengine huwekwa katika orodha ya akiba. Wale wa kwanza wakikataa, nafasi hushuka, na siku chache kabla na baada ya Aprili 15 ndizo za pilkapilka kubwa. Kwa hiyo asiyepata jibu kufikia mwisho wa Machi hajakataliwa. Anaweza kumwandikia mratibu wa uzamili mara moja, kwa mistari minne, aulize hali ya ombi lake na kutaja jambo jipya kama lipo. Kuandika kila wiki hakusaidii.

Barua yenyewe isomwe hadi nukta ya mwisho. Ufadhili wa kawaida huko ni wa kazi: mwanafunzi husaidia kufundisha au kufanya utafiti, kwa kawaida hadi saa 20 kwa wiki, naye husamehewa karo na kulipwa posho. Je, posho ni ya miezi tisa au 12? Miezi mitatu ya kiangazi bila malipo katika mji wa kigeni si mchezo. Bima ya afya inalipwa na nani? Fedha zimeahidiwa kwa mwaka mmoja au kwa muda wote wa shahada? Na zinatoka wapi?

Swali hilo la mwisho lilipata uzito mpya mapema 2025. Fedha za utafiti za serikali ya Marekani zilipoyumba, vyuo kadhaa vilipunguza nafasi za uzamifu na vingine vikafuta barua vilizokwisha kutuma. Kati ya Mei na Juni mwaka huo upangaji wa mahojiano mapya ya visa za wanafunzi ulisitishwa kwa wiki kadhaa. Tangu hapo, mwombaji mwangalifu haandiki barua ya kuacha kazi siku anapopokea barua ya chuo. Hungoja visa.

Uingereza na Ujerumani

Uingereza barua huja mapema na kwa wingi, na hapo ndipo familia nyingi hunaswa. Shahada ya uzamili ya darasani huchukua mwaka mmoja, karo ya mgeni ni kubwa, na chuo mara nyingi hutaka malipo ya awali kabla ya kutoa hati ya kuombea visa. Fedha za kuonyesha ubalozini lazima ziwe zimelala benki siku 28 mfululizo; mchango wa harambee uliofika kwa M-Pesa wiki iliyopita hautoshi. Kuna kipimo cha kifua kikuu, na kuna ada ya afya ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi. Tangu Januari 2024, anayesoma uzamili wa darasani haruhusiwi kuandamana na mke, mume au watoto, ilhali anayefanya shahada ya utafiti anaruhusiwa. Kwa mtu mwenye familia changa Naivasha, sharti hilo pekee linaweza kuamua.

Ufadhili wa Chevening hubadili hesabu yote, ila una kalenda yake. Maombi huanza Agosti, majibu hutoka katikati ya mwaka unaofuata, na mwombaji hupaswa kuwa tayari na nafasi isiyo na masharti ifikapo Julai. Aliyepokea barua ya chuo Februari hulazimika kuishikilia bila kulipa chochote hadi ajue. Mshindi pia huahidi kurudi nyumbani kwa miaka miwili.

Ujerumani haitozi karo katika vyuo vingi vya umma, isipokuwa majimbo machache kama Baden-Württemberg, ambako mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula. Lakini bure hiyo ina mlango. Kwa kawaida mwanafunzi asiye na mfadhili huweka fedha za kujikimu za mwaka mzima katika akaunti anayofunguliwa kidogo kidogo kila mwezi. Mwaka 2024 kiwango hicho kilipandishwa hadi euro 11,904. Wenye uzoefu wa kazi wa miaka miwili wanaweza kujaribu ufadhili wa DAAD. Norway, iliyosifika kwa masomo ya bure, ilianza kuwatoza karo wageni kutoka nje ya Ulaya mwaka 2023. Ushauri wa ndugu aliyesoma huko zamani hauna budi kuhakikiwa upya.

Msimamizi na miamba

Fedha zikishapimwa, hubaki mambo mawili ambayo waombaji huyapuuza. La kwanza ni msimamizi. Jina la chuo hupendeza ukutani, lakini mwanafunzi wa utafiti huishi na mtu mmoja kwa miaka miwili hadi mitano. Mwenye barua mbili ana haki ya kuomba majina ya wanafunzi wa sasa wa profesa huyo na kuwauliza walivyosaidiwa, waliomaliza walichukua muda gani, na ni nani huandikwa kwanza katika makala zinazochapishwa. Anayenyimwa majina hayo amepata jibu pia.

La pili ni miamba yenyewe. Takwimu za visima vya Olkaria na Menengai ziko mikononi mwa KenGen na GDC, na hakuna profesa anayeweza kuzitoa kwa niaba yao. Utafiti nchini unahitaji leseni ya tume ya NACOSTI. Anayefanya kazi ndani ya Hell's Gate anahitaji idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na kuvusha sampuli mpakani ni jambo la kuombewa kibali. Mradi unaotegemea vitu hivyo bila hata kimoja kuwa kimeombwa unaweza kumaliza mwaka wa kwanza ukiwa karatasi tupu. Ni heri mwombaji apate maandishi ya mwajiri au mwenye takwimu kabla ya kutia sahihi.

Kwa walioajiriwa kuna mkataba mwingine: ule wa likizo ya masomo. Mashirika ya umma huwafunga watumishi wanaosomeshwa ili warudi na kutumika kwa muda fulani, la sivyo warudishe gharama. Uzamili wa miaka miwili unaogeuka kuwa uzamifu wa miaka sita huweza kuvunja mkataba huo pasipo mtu kukusudia. Hili hujadiliwa na ofisi ya waajiriwa kabla ya safari.

Isisahauliwe pia kwamba kubaki ni chaguo. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha jiolojia tangu 1961, na Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, kina taasisi ya mafunzo na utafiti wa jotoardhi. Aliye na kazi Olkaria anaweza kusoma huku mshahara ukiingia na visima vikiwa karibu. Tatizo linalojulikana ni tasnifu kukwama kwa msimamizi mwenye wanafunzi wengi mno, kwa hiyo maswali yale yale yanayoulizwa profesa wa Marekani yaulizwe hapa pia.

Uamuzi ukifikiwa, barua ya kukubali itumwe kwa maandishi, na nakala ya masharti yote ya fedha ihifadhiwe. Siku hiyo hiyo vyuo vingine viandikiwe shukrani na kuelezwa kwamba nafasi imekataliwa. Katika orodha ya akiba ya chuo kimojawapo huenda yumo mwanajiolojia mwingine wa Kenya, pengine wa zamu ya usiku pale pale Menengai, ambaye bado anachungulia barua-pepe.