Mika na Watu Mia Sita

Wasomaji wetu waijua habari ya Mika katika Kitabu cha Waamuzi, mlango wa 17 na wa 18. Watu 600 wa kabila ya Dani, wenye silaha, walipita katika milima ya Efraimu, wakachukua sanamu zake na kuhani wake. Mika alipowafuata akilia, wakamwonya anyamaze, asije akapoteza maisha yake na ya nyumba yake. Akaona wamemzidi nguvu, akarudi. Nao wakaenda Laishi, kwa watu watulivu wasio na msaidizi, wakawaua, wakauteketeza mji. Lakini tusisahau neno hili: zile sanamu zilitokana na fedha 1,100 ambazo Mika mwenyewe alimwibia mama yake.

Babu zetu wa Upare waliyaona mambo ya namna hiyo. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa, alipokufa mwaka 1862, enzi yake iligawanyika. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, penye njia ya misafara, akapata bunduki na baruti, akamfukuza Shekulwavu aliyerithi kiti cha Vugha. Tangu hapo mwenye bunduki ndiye aliyekuwa mwenye neno. Watu wa Usambaa na wa Upare walikamatwa, wakapelekwa Pangani kuuzwa. Hata mkataba wa mwaka 1873, uliokataza biashara ya watumwa baharini, haukukomesha mara moja ukamataji huku bara.

Na hapa ndipo panapotuuma. Si wageni tu waliotenda hayo. Wako wakubwa wa milima yetu waliowatoa watu wao wenyewe ili wapate bunduki na nguo. Nao waliomwuza jirani hawakuwa na wa kumwita zamu yao ilipofika.

Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka Same kuikataa kodi ya mbiru, iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Walikaa pale kwa miezi, bila mikuki wala bunduki, na baadaye kodi ile ikaondolewa. Wingi wa watu, basi, si lazima uwe tisho. Waweza kuwa ombi la haki.

Tunapowasomea watoto habari ya Wadani, tusiishie kuwalaumu wale 600. Tuwaulize habari za Mika pia. Ukimnyang'anya wako kwa siri leo, utamlilia nani kesho, ajapo wa kukunyang'anya mchana?