Wimbo wa Njiani kama Shule ya Lugha: Wapagazi wa Tabora na Mafunzo ya Kiswahili

Wanafunzi wa historia ya Kiswahili wamezoea kueleza kuenea kwa lugha hii barani kwa kutaja mambo matatu: wafanyabiashara wa pwani, serikali ya Wadachi, na shule za misheni. Maelezo hayo ni ya kweli, walakini yana upungufu mkubwa. Yanamfanya mwenyeji wa bara kuwa mpokeaji tu, kana kwamba aliketi kwake mpaka lugha ikaletwa mlangoni. Njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Kilimatinde hata Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200, inatoa ushahidi mwingine. Katika njia hiyo mwenyeji wa bara ndiye aliyeifuata lugha, na sehemu ya masomo yake aliipata kwa kuimba.

Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu tangu mwanzo wa karne ya 19, kabla Waarabu hawajaweka maskani yao Unyanyembe. Upagazi ulikuwa kwao kazi ya heshima, na kijana ambaye hajapata kuiona bahari alihesabiwa kuwa bado hajawa mtu mzima. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani ratili zipatazo 70, nao ulichukuliwa begani siku baada ya siku. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wasifike Kazeh, ambapo leo ni Tabora, ila tarehe 7 Novemba. Watu waliokaa pamoja njiani kwa muda kama huo, wengine Wanyamwezi, wengine Wasukuma, wengine waungwana wa pwani, hawakuweza kuishi bila ya lugha ya kusikilizana.

Wimbo wa msafara ulikuwa na muundo unaofaa sana kwa mafunzo, ingawa hakuna aliyeutunga kwa nia hiyo. Kiongozi, ambaye wasafiri wa zamani walimwandika kirangozi, alitangulia mbele akitoa maneno. Wengine nyuma yake waliitikia. Aliyejiunga na msafara bila ya kujua lugha aliweza kuitikia tangu siku ya kwanza, maana kiitikio ni kifupi nacho hurudiwa mara nyingi. Baada ya siku chache masikio yake yalianza kuyapambanua maneno ya kiongozi, ambayo yalibadilika kila siku kwa kufuata mambo yaliyotokea. Hivyo alipata kwanza jambo lililo thabiti, kisha jambo jipya, na mpango huo ndio wanaoutafuta walimu wa lugha hata leo.

Isidhaniwe kwamba nyimbo zote hizo zilikuwa za Kiswahili. Nyingi zilikuwa za Kinyamwezi au Kisukuma, na nyingine zilichanganya lugha. Lakini mchanganyiko huo wenyewe ni wa maana kwa mwanaisimu. Kinyamwezi na Kiswahili ni ndugu katika jamii ya Kibantu, hata ngeli za majina hutambulikana upesi kutoka lugha moja hadi nyingine. Tofauti zake ziko zaidi katika matamshi: Kinyamwezi kina irabu saba ambapo Kiswahili kina tano, hupambanua maneno kwa toni, ambapo Kiswahili hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, wala sauti ya r haina nafasi yake mbali na l, ndiyo sababu ya kusikika safali badala ya safari. Mwimbaji aliweza kuyavuka mambo hayo bila ya kuchekwa, kwa kuwa sauti yake ilikuwa moja kati ya sauti nyingi.

Pamoja na maneno, wimbo ulichukua maisha ya watu. Ulitaja posho iliyopunguzwa, hongo iliyodaiwa na mtemi, kiu ya nyika ya Ugogo, na nyumba iliyoachwa nyuma. Burton mwenyewe alieleza kwamba wapagazi wake walimtia katika nyimbo zao na kumwita Mzungu mbaya. Mtu ambaye hakuthubutu kumwambia bwana wake neno ana kwa ana aliweza kulisema katika wimbo, mbele ya watu wote. Lakini njia hiyo hiyo ilipitiwa na watumwa, nao hawakwenda kwa hiari. Kwa hiyo atakayeitaja njia ya Tabora kuwa shule lazima akumbuke kwamba wengine waliingia katika shule hiyo wakiwa wamefungwa.

Wazungu walipoanza kufundishana Kiswahili madarasani, wachache kati yao walitambua thamani ya mambo hayo. Katika chuo cha lugha za Mashariki kilichofunguliwa Berlin mwaka 1887, Carl Velten alikusanya maandishi ya Waswahili wenyewe. Kitabu chake cha Safari za Wasuaheli, cha mwaka 1901, kina habari za Selemani bin Mwenye Chande, aliyeisafiri bara kwa msafara. Mwaka 1903 ikatoka Desturi za Wasuaheli, iliyotokana kwa sehemu kubwa na kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekuwa mwalimu katika chuo hicho. Humo ngoma na nyimbo zimewekwa pamoja na arusi, maziko na biashara, wala hazikutengwa kuwa burudani.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ya biashara ikakoma. Baada ya Vita ya Kwanza ngoma ya Beni, iliyozaliwa pwani ya Kenya, ilienea barani pamoja na askari na vibarua, ikiwa na nyimbo za Kiswahili. Shule ya Serikali ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925, hasa kwa wana wa watemi, na humo Kiingereza kilipewa nafasi kubwa. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha, na Kiunguja kikawa msingi wa Kiswahili sanifu. Faida ya usanifishaji haina shaka. Lakini Kiswahili cha njiani kikaanza kuhesabiwa kuwa makosa. Kikaendelea kuishi mahali pengine, na mji uliokuwa kituo cha wapagazi ukatoa bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, ambazo nyimbo zake za Kiswahili zilipendwa mbali.

Muziki wa bendi kama hizo watoa onyo pia. Sahani za santuri zenye nyimbo za Kuba zilifika Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930, na huko Morogoro Salum Abdallah aliliita kundi lake Cuban Marimba. Watu wengi walicheza nyimbo za Kihispania bila ya kuelewa neno. Mdundo ulipokelewa, lugha ikabaki mlangoni. Maana waliozipokea hawakuwa na mtu wa kuwafasiria wala kazi ya kushirikiana na wenye lugha. Wimbo peke yake haufundishi. Katika msafara ulifundisha kwa sababu kila neno lilikuwa na kitu chake mbele ya macho ya mwimbaji.

Mwalimu wa leo anayemfundisha mgeni Kiswahili kwa nyimbo anafuata, pengine bila ya kujua, desturi ya wapagazi. Yampasa basi aifuate kwa ukamilifu: aanze na kiitikio kabla ya beti, aeleze nani alimwimbia nani, na kwa sababu gani, wala asichague nyimbo tamu tu na kuziacha za malalamiko. Tena asione haya kumsikilizisha mwanafunzi Kiswahili cha bara pamoja na cha Unguja. Mwanafunzi aliyejifunza hivyo atajua kwamba lugha hii haikuenezwa na mabwana pekee, bali ilichukuliwa pia begani na watu waliolipwa kwa nguo na shanga.