Mawasiliano ya kikemikali ya bakteria wa kipindupindu

Mawasiliano ya kikemikali ya bakteria wa kipindupindu ni upokeaji na utoaji wa ishara za kikemikali kati ya bakteria *Vibrio cholerae* wenyewe, na kati yao na mwili wa binadamu. Katika kaunti ya Tana River nchini Kenya, ukiwemo mji wa Garsen, hatari ya kipindupindu huongezeka mto Tana unapofurika na maji machafu kuingia visimani. Mlipuko wa ugonjwa huo ulioanza Kenya Oktoba 2022 ulifika kaunti hiyo.

Bakteria akimezwa hufika utumbo mwembamba, ambako bikaboneti ya mwili humchochea kutengeneza nyuzi za kujishikiza na sumu inayofanya seli zimwage chumvi na maji. Mgonjwa huharisha choo kinachofanana na maji yaliyooshewa mchele.

Bakteria hao hutoa pia molekuli ya ishara iitwayo CAI-1, iliyotambuliwa mwaka 2007 na kundi la Bonnie Bassler wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Wakiwa wachache, molekuli hiyo huwa haba na sumu huendelea kutengenezwa. Wakijaa, molekuli hiyo huongezeka, hivyo wao hukandamiza jeni za sumu na kuamsha kimeng'enya kinachosaidia kuwabandua kwenye ukuta wa utumbo, wakatoka na kinyesi. Huu ni utaratibu usio wa kawaida: bakteria wengine, kama *Pseudomonas aeruginosa*, hushambulia zaidi wakishakuwa wengi. Msingi wa tiba ya kipindupindu ni kurudisha maji na chumvi mwilini.